Darasa la Kijapani limekwama? Kagua hivi kwanza (kwa walimu wa Mtwara na Lindi)

Walimu wenzangu mnaofundisha Kijapani huku kusini, iwe Mtwara mjini, Masasi, Newala, Lindi, Nachingwea au ata sebuleni kwa mtu na wanafunzi wanne, hii ni kwa ajili yenu. Malalamiko ni yaleyale kila siku, mwanafunzi haelewi, mwanafunzi kasahau, mwanafunzi kapotea, na mara nyingi lawama anabebeshwa yeye au kinabebeshwa Kijapani chenyewe kwamba ni kigumu sana. Mi nabisha kabisa. Silabasi nyingi tunazopakua mtandaoni zimepangwa kwa mtu aliyekulia kwenye Kiingereza, kwa hiyo zinakaa wiki nzima kwenye vitu ambavyo Mswahili anavyo tayari mdomoni, alafu zinapita mbio palepale ambapo Mswahili ndo anaanguka. Ukiona darasa limekwama kagua mpangilio wa masomo kwanza, kisha angalia Kiswahili cha mwanafunzi kinamvuta upande gani, yeye mwenyewe awe wa mwisho kukaguliwa.

Nimepanga kwa dalili. Nenda moja kwa moja kwenye ile inayokusumbua.

DALILI: Romaji anatiririka, ukimpa kana anaganda

Romaji ni Kijapani kilichoandikwa kwa herufi zetu, kana ni herufi zao za silabi (hiragana na katakana). Hii inaanza wiki ya kwanza na usipoikata mapema inakufuata mpaka mwisho wa mwaka. Chanzo chake ni kwamba romaji inasomeka karibu sawa na Kiswahili, a ni a, e ni e, u ni u, mtoto wa darasa la nne akikuta "watashi wa gakusei desu" (mimi ni mwanafunzi) anaisoma bila kufundishwa na mtu. Mwingereza romaji inamsumbua kwa hiyo anaikimbia mwenyewe, sisi inatupa raha tunaganda nayo. Mwanafunzi anaamini anasoma Kijapani kumbe anasoma Kiswahili chenye maneno ya kigeni.

Dawa ni kuweka tarehe ya kufuta romaji na kuitangaza siku ya kwanza. Hiragana za msingi ni 46, kwa darasa la vipindi vitatu kwa wiki, mwezi mmoja unatosha kabisa, katakana 46 zinafuata. Tarehe ikifika romaji inatoka ubaoni, inatoka kwenye notisi, inatoka mpaka kwenye grupu la WhatsApp. Watalia kidogo, vumilia.

Kama kana anazijua ila anazichanganya, angalia anachanganya zipi. シ na ツ, ソ na ン, ぬ na め, ね na れ na わ, さ na き na ち, hizo zinachanganya kila mtu duniani na chanzo huwa ni kufundishwa siku moja kwa sababu zipo karibu kwenye chati au zinafanana. Zitenganishe kwa wiki. Na kwa katakana usianze na maneno ya Kiingereza ambayo nusu ya darasa hawayajui, anza na majina yao. Majina yetu yanaingia vizuri sana kwa sababu silabi za Kiswahili zinaishia na irabu kama za kwao: Hawa ハワ, Selemani セレマニ, Mwanahamisi ムワナハミシ, Lindi リンディ, Mtwara ムトワラ. Mtu akishaliandika jina lake na la bibi yake hasahau.

DALILI: Maneno anayajua, Mjapani anamsikiliza na haelewi kitu

Hapa naomba tukae kidogo maana hapa ndo tunapoteza watu wengi, na vitabu vinapita kwa ukurasa mmoja tu.

Kijapani kinaenda kwa mapigo, kila kana ni pigo moja lenye urefu sawa na mwenzake (isipokuwa zile ndogo ゃ ゅ ょ, zinajibana na kana iliyotangulia). Kiswahili kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pale penye mkazo sauti inavutika kidogo bila sisi wenyewe kujua. Sasa chukua "kite", maana yake njoo. Mswahili anaitamka kwa mkazo wa kwetu, ki inavutika, Mjapani anasikia "kiite", yaani sikiliza. Ongeza "kitte" ambayo ni stempu, hapo una maneno matatu ambayo mwanafunzi wako anayatamka sawasawa. Ojisan ni mjomba au baba mdogo, ojiisan ni babu. Biru ni jengo, biiru ni bia.

Kabla ya kutibu, pima. Mpe mwanafunzi neno lililoandikwa kwa kana, asome huku anapiga makofi, kofi moja kwa kila kana. Akipiga makofi sawa lakini sauti inavutika pasipotakiwa, shida ni mkazo wa Kiswahili. Akipungukiwa makofi, shida ni kusoma, hiyo kana ya ziada haioni kabisa, na mara nyingi utakuta ni mtu wa romaji aliyezoea kuandika "Tokyo" wakati kwa kana ni とうきょう, mapigo manne. Hizi ni shida mbili tofauti na ukizitibu kwa dawa moja unapoteza mwezi.

Ya kusoma inarudi kwenye dalili ya kwanza juu. Ya mkazo inatibiwa kwa kutumia Kiswahili chenyewe, maana vifaa vyote tunavyo. Urefu wa irabu tunao: kufa na kufaa, kupa na kupaa, hakuna mtoto wa huku anayechanganya hizo. Mwambie ojisan na ojiisan zinaachana hivohivo. Ile ん (n inayosimama peke yake) inayowashinda Waingereza sisi tunayo kwenye jina la mkoa, M ya Mtwara inasimama peke yake kama pigo, na n ya nchi, na n ya kwanza ya nne. Kinachotuponza ni kwamba n ikikaa kabla ya d au g sisi tunaiyeyusha, ndizi, ngoma, kwa hiyo Honda tunasema ho-nda wakati Mjapani anapiga matatu, ho-n-da. Konnichiwa tunaipiga mapigo manne badala ya matano. Mwambie mwanafunzi atamke "nne" taratibu, alafu aipeleke n hiyohiyo kwenye konnichiwa, inakaa siku hiyohiyo. Nissan ni mapigo manne, sisi mtaani tunasema Nisani matatu. Majina ya magari ndo mazoezi mazuri kuliko yote kwa sababu kila mtu anayajua.

Hiyo っ ndogo, ile ya kitte na Nissan, hatuna mfano wake, hapo ni makofi tu, kofi moja linapigwa kimya.

Byouin ni hospitali, biyouin ni saluni, na wengi wanazifanya moja. Anza na vyombo, vyuo, vyeti, kisha badilisha v iwe b, byo inatoka yenyewe. Tsu inataka mazoezi ya kawaida. U ya mwisho kwenye desu na masu tunaitamka nzito mno, inasikika kigeni lakini inaeleweka, usipoteze kipindi kwa hilo.

Alafu kuna hili la r na l. Huku tuna watoto wengi wa Kimakonde, Kiyao, Kimwera, Kimakua, na baadhi wanachanganya r na l kwenye Kiswahili na wamechekwa mpaka wamekuwa waoga wa kufungua mdomo darasani. Kijapani kina sauti moja tu hapo, hakitofautishi r na l, Mjapani atasikia kitu kilekile. Waambie wazi siku ya kwanza. Nimeona mtoto mkimya kabisa anaanza kunyoosha mkono kwa sababu ya sentensi hiyo moja.

DALILI: Anasema anaamka saa tano asubuhi

Juuichi-ji ni okimasu. Ukimuuliza vizuri anaamka saa kumi na moja alfajiri. Namba anazijua na sarufi iko sawa, kinachomwangusha ni saa ya Kiswahili, yeye anatafsiri kumi na moja kuwa juuichi, na kwa Wajapani hiyo saa ni go-ji. Hakuna kitabu kitakwambia hili. Usimwambie aongeze au apunguze sita kichwani, atachelewa na atakosea. Mwambie asome namba kwenye kioo cha simu, 05:00, anaitamka kama ilivyo. Kila zoezi la saa lifanyike kwa picha ya simu, usitumie maneno ya Kiswahili kabisa. Baada ya hapo ndo uweke zile korofi, yo-ji (4), shichi-ji (7), ku-ji (9).

Miezi usiihangaikie, sisi tunasema mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, na wao ni hivohivo, ichi-gatsu, ni-gatsu. Dakika kumi zinatosha.

DALILI: Sentensi zimepinda, "hon no Asha"

Hapo alitaka kusema kitabu cha Asha, kasema Asha wa kitabu. Chanzo ni mpangilio, Kiswahili kinataja kitu kwanza kisha mwenyewe, Kijapani mwenyewe kwanza, Asha no hon. Na sifa hivohivo, kitabu kizuri ni ii hon. Wanafunzi wengi wanaelewa ukiwaambia sheria moja inayobeba zote: kwa Kijapani kinachoelezea kinatangulia kinachoelezewa. Mfundishe mapema maana mbele huko ndo sheria hiyohiyo inayotawala "mtu aliyekuja jana", kinou kita hito. Ukimfundisha vipande vipande atakuja kuona kila kimoja ni somo jipya.

Sasa mtego mkubwa wa vyote, -ni. Kijapani kina ni, Kiswahili kina -ni, na zote zinahusu mahali. Naenda shuleni, gakkou ni ikimasu. Nipo shuleni, gakkou ni imasu. Mwanafunzi anafurahi, mwalimu naye anafurahi, na wiki mbili baadaye unasikia "gakkou ni benkyou shimasu" na haifutiki tena. Sisi -ni yetu inabeba kila kitu, naenda shuleni, nasoma shuleni, natoka shuleni, kitenzi ndo kinachotofautisha. Kijapani kinagawa: kufika na kuwepo ni ni, tendo linapofanyikia ni de (gakkou de benkyou shimasu), kutoka ni kara. Ushauri wangu, usifundishe ni peke yake hata kama kitabu kinafanya hivo. Leta ni, de na kara kwenye kipindi kimoja, kwa mfano mmoja wa soko kuu: naenda sokoni, nanunua samaki sokoni, natoka sokoni, -ni moja ya Kiswahili inagawanyika mara tatu mbele ya macho yao. Wataona ugumu siku hiyo lakini hutakuwa na kosa la kung'oa baadaye.

Na "na". To ya Kijapani inaunga majina tu, sakana to gohan (samaki na wali). Mwanafunzi akisema tabemasu to nomimasu kwa maana ya nakula na nakunywa, keshatoka nje ya njia. Nina gari nayo sio to, ni kuruma ga arimasu, gari lipo.

Kwa kuunga vitenzi tuna zawadi ambayo hatuitumii, -ka-. Niliamka, nikanawa, nikala. Kijapani: okite, aratte, tabemashita. Fomu ya te inafanya kazi ileile ya kusimulia matukio yanayofuatana, tofauti ni kwamba sisi wakati tunauweka kwenye kitenzi cha kwanza na wao wanauweka kwenye cha mwisho. Mwanafunzi aliyeshindwa fomu ya te kwa mwezi mzima, mwandikie hadithi fupi ya -ka- ubaoni, mwambie tutabakiza wakati mwishoni tu, utaona uso unavobadilika. Kuziunda (nonde, kaite, itte) bado kunataka kukariri, hakuna njia ya mkato.

Arimasu na imasu kwetu ni mteremko, yule anayesema "samaki wapo" na "miti ipo" keshajua tofauti ya chenye uhai unaotembea na kisicho. Pita.

DALILI: "Watashi wa Juma-san desu"

Chanzo ni wewe mwalimu. Unawaita Juma-san, Mwajuma-san (san ni heshima kwa mtu mwingine, mtu hajiiti nayo), wao wanadhani ni sehemu ya jina. Cheza igizo la mtu wa tatu, Juma anamtambulisha Mwajuma, Mwajuma anajitambulisha mwenyewe, waone san inakaa wapi na inatoka wapi. Na anata usiifundishe kwa maana ya "wewe", maana watamwambia anata mtu mzima. Waulize tu kama huku nyumbani wanamwambia mama mkubwa "wewe". Hawamwambii, wanamwita mama mkubwa. Kijapani nacho kinaita kwa jina na san, au kwa cheo kama sensei.

DALILI: Darasa linalipuka kucheka, wasichana wanakataa kusoma

Orodha ya wanyama ina neno la Kijapani la dubu, ambalo kwetu ni tusi zito, na la pweza nalo lina shida yake. Usilete hayo kwa watoto wa sekondari wiki ya kwanza eti kwa sababu kitabu kimeweka picha. Dubu hana haraka. Likifika waambie kabla kwamba neno linakuja, liandike kwa kana, msome pamoja darasa zima, asisimamishwe mtu mmoja.

DALILI: Kanji anaijua leo, Jumatatu haipo

Kanji ni zile herufi za Kijapani zinazobeba maana. Kama anajua maana lakini hawezi kuisoma kwenye sentensi, ulimfundisha kanji mojamoja na orodha ya matamshi. 日 peke yake ina matamshi kadhaa, na kwenye neno moja tu la Jumapili, 日曜日, inasomwa nichi mwanzoni na bi mwishoni. Fundisha neno zima. Kanji za matumizi ya kawaida zilizowekwa rasmi ni 2,136, hakuna anayezimeza kama orodha.

Kama amesahau kabisa, hakuna sehemu anaiona nje ya daftari. Lakini Mtwara imejaa maandishi ya Kijapani na tunayapita kila siku, ni haya magari yaliyotumika. Fungua mlango wa dereva wa IST au Noah, kuna stika ya upepo wa tairi, 前輪 la mbele, 後輪 la nyuma. Fungua kifuniko cha mafuta, mengi yana 無鉛, petroli isiyo na madini ya risasi. Ukiwasha, gari linaongea, "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen", kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Hiyo ni sarufi ya kutendwa, ya ngazi ya N4 ya JLPT (mtihani wa kimataifa wa Kijapani), dereva anaisikia kila asubuhi. Peleka darasa gereji, ongea na fundi vizuri kwanza, wapige picha, warudi waandike. Mafundi wenyewe wataanza kuuliza darasa lipo siku gani.

DALILI: Mwezi wa kumi darasa linabaki na watu watano

Hii haina uhusiano na hamu ya kusoma. Korosho. Kuanzia mwezi wa tisa mwishoni familia zipo shambani zinaokota, minada inaanza mwezi wa kumi, kila mtu anasubiri hela ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), na mwezi wa kumi na moja kidato cha nne wana mtihani wa taifa. JLPT ya mwisho wa mwaka inafanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Silabasi inayoweka masomo magumu Septemba hadi Novemba kwa ajili ya mtihani huo imeandikwa na mtu asiyejua Tandahimba.

Pangua kalenda. Kazi nzito yote iwe Januari mpaka mwanzoni mwa Septemba. Msimu wa korosho usifunge darasa, lipunguze, voisi noti moja ya dakika mbili kwa siku, maneno ambayo wameshafundishwa, hakuna kitu kipya, mtu anasikiliza huku anatenganisha korosho na bibo. Ada ipokee baada ya mnada kama unaweza, wazazi wengi hela inatoka hapo. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo iangalie upya kila Januari, darasa la jioni hamishia asubuhi. Likizo za mwezi wa sita na wa kumi na mbili kuna jando na unyago, atakayekosekana mpokee akirudi na usimuulize mbele ya wenzake.

DALILI: Mazoezi ya mtihani anafaulu, akiambiwa aongee hana neno (au kinyume chake)

Silabasi yako ina malengo mawili na umeandika moja. JLPT haipimi kuongea wala kuandika kwa mkono, ni kuchagua majibu. Anayetaka kazi au kuishi Japani anahitaji malengo ya "naweza kufanya nini", kuuliza bei, kujieleza hospitali. Waulize wanafunzi wanataka nini kabla ya kupanga, na kama wamechanganyika gawa vipindi.

Kwa wale wa N5 (ngazi ya chini kabisa ya JLPT), kufaulu ni alama 80 kati ya 180, lakini kuna sakafu: 38 kwenye lugha na kusoma, 19 kwenye kusikiliza. Mtu mwenye jumla ya 110 na kusikiliza 18 amefeli. Kwa hiyo akikwambia jumla ya alama zake za mazoezi usiitazame hiyo, uliza za kusikiliza kwanza. Na usihangaike kutafuta orodha rasmi ya maneno ya N5, tangu mtihani ulivyobadilishwa 2010 haitolewi.

DALILI: Darasa zima linaongea kama wewe

Sauti pekee wanayoisikia ni yako. Japan Foundation wana kitabu cha Irodori, PDF na sauti zake zote ni bure kupakua. Pakua mara moja ukiwa sehemu yenye mtandao mzuri, weka kwenye memori kadi, wagawie kwa bluetooth, bando la mtu lisiguswe. Sauti itangulie kitabu: wasikilize vitabu vikiwa vimefungwa, waseme walichokamata hata kama ni neno moja, kisha ndo wafungue maandishi. Mwanzoni rudia mara nyingi wanavyotaka. Wale wanaojiandaa na JLPT, miezi miwili ya mwisho usirudie tena, kwenye mtihani kila swali la kusikiliza linapigwa mara moja tu, kwa hiyo wajibu kwanza, wakabidhi karatasi, alafu ndo uwapigie sauti ileile huku wanafuata maandishi kwa kidole waone ni pigo gani liliwapita.